Uliza Muuguzi: Mchubuko, Kidonge cha Jioni na Kijiko Kilichoinamishwa

Barua za mwezi huu zote zimetoka Australia, nami sishangai, maana vijana wetu wengi wameajiriwa huko kwenye nyumba za kulelea wazee. Huko ndiko nilikoliacha goti langu la kushoto. Nilifanya kazi miaka 21 katika jimbo la Victoria, mwanzoni nikiogesha na kulisha, baadaye nikasomea uuguzi, na miaka ya mwisho nikiwa msimamizi wa zamu. Kwa hiyo ninayoyajibu hapa sikuyasoma tu, yamenipitia mikononi.

Asiyezijua habari za huko ajue hili kwanza. Mwaka 2017 ilitoka ripoti kuhusu kituo cha Oakden, mjini Adelaide, baada ya familia moja kukataa kunyamaza: mzee wao alikuwa na michubuko ambayo hakuna aliyeweza kuieleza. Kituo kikafungwa mwaka huohuo. Tarehe 8 Oktoba 2018 serikali ikaunda Tume ya Kifalme ya kuchunguza huduma za wazee nchi nzima, nayo ikamaliza kazi mwaka 2021 na mapendekezo 148. Kanuni nyingi mnazoziuliza zilisukumwa na uchunguzi huo. Msimamizi wa kanuni hizo ni Tume ya Ubora na Usalama wa Huduma za Wazee, iliyoanza tarehe 1 Januari 2019. Hii ni tume nyingine, ya kudumu, na hapa chini nikisema "Tume" nakusudia hiyo.

Shikamoo mama. Niko Perth, mhudumu wa zamu ya usiku, huu mwaka wa pili. Wiki hii nilipokuwa nambadilisha bibi mmoja nguo za kulalia, niliona mchubuko mkononi. Bibi ana ugonjwa wa kusahau, lakini aliniambia, "Yule alinivuta." Anayemsema ni mwenzetu wa zamu ya jioni. Tumetoka nchi moja, na nilipofika hapa ndiye aliyenipokea nikalala kwake miezi miwili. Nilimwambia kiongozi wa zamu, akasema tusubiri tuone. Nikiendelea nitaonekana mchongezi, na viza yangu imefungwa kwa mwajiri huyu. Nifanye nini? — Mlezi wa Usiku

Marahaba mwanangu. Nianze na langu. Mwaka wangu wa pili kazini, na mimi nilimwona mama mmoja mkono umevimba. Nikamwambia kiongozi, naye akanijibu vilevile: tusubiri. Ilikuwa Jumanne. Nikasubiri, kwa sababu nilikuwa mgeni na kwa sababu ilikuwa rahisi. Ijumaa daktari alipokuja akakuta kifundo kimevunjika. Siku tatu nzima nilikuwa namvalisha blauzi kwa kuuingiza mkono ule kwenye mkono wa nguo, naye anaguna, nami namwambia pole. Nyumba ile siitaji. Ila ule mguno bado ninao masikioni.

Sasa sheria. Kuna utaratibu wa kuripoti matukio makubwa, ambao kazini mnauita SIRS. Ulianza kwenye nyumba za wazee tarehe 1 Aprili 2021, na kwa wanaohudumiwa majumbani tarehe 1 Desemba 2022. Unahesabu aina nane za matukio: matumizi ya nguvu yasiyo na sababu, vitendo vya kingono visivyofaa, kumtelekeza mzee, kumnyanyasa kwa maneno au vitisho, kifo kisichotarajiwa, mfanyakazi kuiba au kumshurutisha mzee kuhusu fedha zake, kumfunga au kumzuia kinyume cha utaratibu, na mzee kutoweka bila maelezo. Mchubuko wenye maneno "alinivuta" unagonga mlango wa aina ya kwanza. Kama mzee ameumia kiasi cha kuhitaji matibabu, au angeweza kuumia hivyo, au kuna sababu ya kuwaita polisi, nyumba ina saa 24 za kuiarifu Tume. Kifo kisichotarajiwa, kitendo cha kingono na mzee kutoweka navyo vina saa 24 hizohizo. Matukio mengine ya orodha hiyo yana siku 30.

Saa hizo huhesabiwa tangu nyumba ilipojua. Na ulipomwambia kiongozi wa zamu, nyumba ilijua. Kwa hiyo "tusubiri tuone" yake haikuisimamisha saa, ilikuwa inaila tu.

Angalia pia mzigo uko begani kwa nani. Wewe hutakiwi kuthibitisha kwamba mwenzako ana hatia, wala hutumi ripoti kwa Tume kwa niaba ya nyumba. Hiyo ni kazi ya mwendeshaji. Kazi yako ni kusema ulichokiona kwa mtu mwenye dhamana, upesi, na kukiandika. Na kuandika kwenyewe kuna namna yake. Nimesoma maandishi ya wahudumu mpaka macho yakaniuma: "mkono umechubuka, hali nzuri". Hayo hayamsaidii mtu. Andika hivi:

"Saa 21:40. Nikimbadilisha nguo za kulalia, niliona alama ya zambarau mkono wa kulia, upande wa ndani, juu ya kiwiko. Urefu sm 4, upana sm 2. Upande wa nje wa mkono huohuo kuna alama tatu ndogo za duara, zimepangana. Nilimuuliza kama panauma. Akasema: 'Yule alinivuta.' Nilipomuuliza ni nani, hakujibu. Nimemjulisha kiongozi wa zamu saa 21:50. Akasema tusubiri."

Umeona? Hakuna "nadhani", hakuna jina la mtu ambaye hukumwona akitenda. Lakini alama moja kubwa ndani na tatu ndogo nje, yeyote aliyewahi kumshika mtoto mkono barabarani anajua ni umbo la nini. Dole gumba na vidole. Aliyefunzwa kuchunguza ataliona bila wewe kulitaja. Na jambo ambalo mafunzo mengi hulipita: kama mzee ana ngozi nyeusi kama yetu, usitegemee zambarau. Sogeza taa, pitisha nyuma ya vidole vyako uone kama pana joto au uvimbe, linganisha na mkono wa pili.

Kesho asubuhi nenda kwa meneja, au kwa muuguzi mkuu, ukiwa na nakala ya uliyoandika. Wakikufungia mlango, Tume inapokea simu ya mtu yeyote: 1800 951 822. Si lazima utaje jina lako. Tangu Sheria mpya ya Huduma za Wazee ilipoanza kutumika tarehe 1 Novemba 2025, anayetoa taarifa akiwa na sababu za msingi analindwa, awe ameisema kwa Tume, kwa wizara, kwa mwendeshaji wa nyumba, kwa polisi au kwa mtetezi huru wa wazee. Mwajiri haruhusiwi kukulipizia kisasi, iwe kwa kukupunguzia zamu, kukufukuza au kukutishia. Najua sheria kukulinda ni jambo moja, na kulala usingizi ukiwa na viza ya mwajiri ni jambo lingine. Ndiyo maana nakuambia andika saa na maneno, uwe na kitu cha kushika.

Ama huyo mwenzako. Alikufadhili, na fadhila hiyo haifutiki. Lakini uchongezi ni kumpelekea mkubwa habari za mtu ili wewe upate nafasi. Hapa unapata nini? Zaidi ya hapo, kanuni ya maadili ya wafanyakazi, iliyoanza tarehe 1 Desemba 2022, inakutaka utoe taarifa upesi unapoona jambo linalogusa usalama wa mzee. Ukinyamaza na ikajulikana baadaye kwamba uliona, mtakuwa wawili mnaoulizwa. Na huenda mwenzako hana ubaya. Huenda bibi alikuwa anaanguka akadakwa mkono. Basi achunguzwe aeleze, naye atasafishwa. Asipochunguzwa, atabaki na mchubuko huo jinani mwake kila mnapokutana jikoni.

Shikamoo. Mama yangu ana miaka 81, yuko kwenye nyumba ya wazee hapa Melbourne. Kiingereza chake kimemtoka chote, amebaki na Kiswahili. Walisema jioni anahangaika, anasukuma milango, basi daktari akaandika kidonge. Sasa nikienda saa kumi na mbili namkuta anasinzia, chakula kimepoa mbele yake. Siku ya kumpeleka nilitia saini karatasi kama kumi na tano. Sijui kama na ya kidonge ilikuwemo. Dada yangu aliye Mombasa ananiambia nimemtupa mama. — Kifungua Mimba

Marahaba baba. La dada yako tuliache. Aliye mbali huona kwa simu, na simu haionyeshi yote.

Kidonge kinachotolewa ili kubadilisha mwenendo wa mtu, si kutibu ugonjwa aliogunduliwa nao, sheria ya Australia inakihesabu kuwa kizuizi, kama vile kamba. Vizuizi ni vya namna tano: cha dawa, cha mazingira kama mlango wenye namba za siri, cha vifaa kama vyuma vya pembeni ya kitanda au mkanda wa kiti, cha kumshika mtu kwa mikono, na cha kumfungia peke yake. Havikukatazwa kabisa. Vimewekewa masharti: viwe njia ya mwisho baada ya nyingine kujaribiwa, vitumike kwa kiasi kidogo na muda mfupi iwezekanavyo, daktari au muuguzi bingwa awe amempima mzee, kuwe na mpango wa maandishi wa kusaidia mwenendo wake, na kuwe na ridhaa iliyotolewa baada ya kuelezwa faida na madhara. Saini iliyofukiwa kwenye karatasi kumi na tano za siku ya kuingia haifanani na ridhaa hiyo. Na ridhaa iliyotolewa inaweza kuondolewa.

Usidhani pia kwamba kuwa kifungua mimba kunatosha kukupa sauti ya kuridhia. Nani anaamua badala ya mama kwenye jambo hili hutegemea sheria ya jimbo na hati zilizokwisha sainiwa. Nenda ukaulize kwa upole maswali manne, uyaandike na majibu yake: dawa hii inaitwaje, imeandikwa kwa ajili ya nini, nani aliridhia na lini, na itaangaliwa upya tarehe gani. Dawa inayoandikwa mara nyingi kwa hali hii ni risperidone. Huko Australia matumizi yake kwa wenye ugonjwa wa kusahau wa aina ya Alzheimer, walio na usumbufu wa mwenendo, yamewekewa kikomo cha wiki 12 tangu mwaka 2015. Ukiambiwa anaitumia mwezi wa tano sasa, hapo pana mazungumzo na daktari. Ila usiikatishe mwenyewe. Zipo dawa ambazo kuziacha ghafla ni hatari kuliko kuzimeza.

Sasa nikusimulie jambo, kwa sababu umesema "jioni".

Tulikuwa na mzee mmoja wa pwani, Kiingereza kimemtoka kama cha mama yako. Kwenye chati ya mwenendo wahudumu walikuwa wakijaza safu kwa safu: "amehangaika, anasukuma mlango wa bafu, amemkemea mhudumu". Wengine walikuwa wameshaanza kusema apewe kidonge. Mimi nikakaa na chati zile usiku mmoja, si kwa akili nyingi, ni kwa kuwa goti lilikataa kusimama. Nikaona kitu. Mwezi wa Juni saa zilizoandikwa ni saa 17:05, 17:10, 17:10. Oktoba zimesogea. Desemba ni saa 20:40, 20:45. Mtu anayehangaika kwa ugonjwa tu, mbona saa yake inatembea?

Huko Melbourne jua la Juni huzama saa kumi na moja na dakika chache za jioni. La Desemba huzama karibu saa tatu kasorobo usiku. Dirisha la chumba chake lilitazama magharibi. Mzee alikuwa anaona jua linazama, anakwenda kutawadha. Nasi tulikuwa tunamrudisha kitini kwa kuogopa asiteleze bafuni, kila siku, wakati wa Magharibi ukimpita. Wewe ungemkemea nani?

Tukampelekea beseni, kopo la maji na taulo pale kitini dakika kumi kabla ya jua kuzama, tukakigeuza kiti upande wa kibla. Kidonge hakikuandikwa. Chati ya wiki iliyofuata ilikuwa tupu mpaka msimamizi akadhani tumesahau kuijaza.

Simaanishi mama yako naye anatafuta udhu. Huenda anawahi kufunga kuku, huenda anangoja watoto watoke shule. Namaanisha kwamba mpango wa kusaidia mwenendo ulitakiwa uanze kwa kuuliza hivyo, tena kwa lugha yake. Tamko la Haki lililo ndani ya sheria mpya linampa haki ya kuwasiliana kwa lugha anayoichagua na kupata mkalimani. Nyumba inaweza kupiga 131 450, huduma ya taifa ya ukalimani, ikaomba Kiswahili. Waambie wapige wewe usipokuwepo. Ukiwepo, mama atakuzungumzia wewe na si wao, na watoto tuna tabia ya kumjibia mama kabla hajamaliza. Kisha keti nao, uwape jioni ya mama yako ilivyokuwa tangu ujana wake, saa kwa saa: nani alikuwa anarudi, nini kilikuwa jikoni, mlango upi ulikuwa unafungwa. Hiyo haitoki kwenye faili la hospitali.

Wakikukwepa, kuna watetezi huru wa wazee ambao hawatozi kitu, namba 1800 700 600. Hao humsimamia mama, si nyumba, wala si wewe.

Mama, wanasema sheria ni dakika 215 za huduma kwa kila mzee. Mbona usiku nina wazee 14 peke yangu? Wananiibia? — Mhesabu Dakika, Adelaide

Pengine ndiyo, pengine hapana. Tupige hesabu. Dakika 215 ni wastani wa nyumba nzima kwa saa 24, si deni la kila mzee kwa kila zamu. Tangu Oktoba 2024 ndiyo idadi hiyo, na 44 kati yake ziwe za muuguzi aliyesajiliwa, ingawa wauguzi wasaidizi wanaruhusiwa kufidia asilimia 10 ya hizo 44. Dakika za mpishi, mfagiaji na mfuaji hazimo. Chukua nyumba ya wazee 60: 60 mara 215 ni dakika 12,900, yaani saa 215 za kazi kwa siku. Zamu moja ikiwa ya saa saba na nusu, ni zamu kama 29. Asubuhi wakiingia 14, jioni 10, usiku wanabaki watano, na wewe na wazee wako 14 mmo ndani ya hesabu halali kabisa. Kila nyumba pia ina lengo lake kufuatana na hali za wazee ilionao, kwa hiyo ya kwenu inaweza kuwa juu au chini ya wastani.

Unapotakiwa kunusa ni kwingine. Je, muuguzi aliyesajiliwa yupo jengoni usiku, mwenyewe, si kwa simu? Hilo limekuwa lazima kwa nyumba hizo tangu 1 Julai 2023, isipokuwa chache zilizopewa ruhusa maalumu. Je, jina lako linaandikwa kwenye rosta ya huduma siku unayopangiwa kufua? Hapo ndipo dakika huibiwa.

Kaka yenu ni mpishi wa nyumba ya wazee, Brisbane. Kuna mzee amewekewa chakula cha kusagwa, anakichukia, anaomba mkate wa kuchoma. Anasema afadhali apaliwe kuliko kula "chakula cha mtoto". Amepungua kutoka kilo 68 hadi 64 kwa miezi mitatu. Meneja anasema tukimpa mkate Tume itatufungia. Mimi moyo unauma. — Mwiko

Kaka Mwiko, barua yako nimeisoma mara tatu, kwa sababu wapishi hawaandiki. Wauguzi tunaandika mpaka basi, lakini anayejua sahani ipi imerudi imejaa ni mpishi.

Uzito kwanza. Kilo nne katika 68 ni karibu asilimia sita. Mzee kupungua asilimia 5 au zaidi kwa miezi mitatu bila kupangwa ni moja ya vipimo vya ubora ambavyo nyumba lazima ivitume serikalini kila robo mwaka. Kwa hiyo meneja anayeogopa mkate ana jambo kubwa zaidi la kuogopa, na liko kwenye mizani. Kati ya viwango saba vilivyoanza kutumika na sheria mpya, cha sita ni cha chakula na lishe peke yake. Zamani chakula kilikuwa mstari ndani ya kiwango kingine. Sasa kinauliza kama wazee wameshirikishwa kupanga mlo, kama mahitaji yao yamepimwa, kama chakula kina ladha na kinavutia, na kama kula kwenyewe kunapendeza.

Halafu hicho cha kusagwa. Naomba nikuulize bila kukukosea heshima: unasaga vitu pamoja? Nyama, boga na njegere kwenye mashine moja, ikitoka rangi ya udongo? Nimeiona mno. Saga kila kimoja peke yake, kila kimoja na mchuzi wake, ukiweke sahanini kwa umbo lake. Na upime kila bakuli, usitegemee mazoea. Huko Australia hutumika mfumo wa kimataifa wa ngazi 0 hadi 7, na chakula cha kusagwa ni ngazi ya 4. Chota kijiko, kiinamishe pembeni. Chakula kinatakiwa kidondoke chote mara moja, kwa mkupuo, kijiko kibaki na utando mwembamba tu. Kikichuruzika ni chepesi mno, kitamkimbilia kooni kabla hajajiandaa. Kikigoma, ukalazimika kutikisa kijiko, kinanata, na kinachonata kwenye kijiko kitanata na kooni. Viazi ndivyo vyenye hila: vikiiva ni sawa, vikipoa robo saa kwenye toroli vinakuwa gundi. Pima vinapofika mezani, si vinapotoka jikoni.

Lakini swali lako ni mkate. Mkate wa kuchoma ni mgumu, unameguka, unakwama. Kwa mtu wa ngazi ya 4 ni hatari ya kweli, usinielewe vibaya. Ila mwongozo wa viwango vya huduma hausemi mzee aondolewe kila hatari. Unasema ana haki ya kuchagua, pamoja na kuchagua jambo lenye hatari, akiwa ameelewa, na nyumba imsaidie kulifanya kwa usalama kadiri inavyowezekana. Kwa hiyo hatua si "ndiyo" wala "hapana" ya meneja. Mwambie muuguzi amwite mtaalamu wa umezaji ampime upya. Lini alipimwa mara ya mwisho? Nimewahi kumkuta mtu anakula cha kusagwa mwaka mzima kwa sababu ya kiharusi ambacho koo lake lilishapona. Pengine atapandishwa ngazi ya 5, chakula kilichosagwa kidogo chenye unyevu, vipande vyenye upana usiozidi milimita 4, ambao ndio upana wa nafasi kati ya meno ya uma. Pengine kuna njia ya kuulainisha mkate wenyewe. Na pengine ataambiwa hatari iko palepale, naye aseme nautaka hivyohivyo. Basi iandikwe: nani alimweleza, alieleza nini, mzee alijibu nini kwa maneno yake, atakaa vipi akila, nani atakuwa karibu. Ukaguzi ukija, karatasi hiyo ndiyo itakayoisemea nyumba.

Wewe usimpe kwa siri. Najua umeshalifikiria. Akipaliwa mbele ya mtu asiyejua kwamba ana mkate mdomoni, hakuna atakayejua la kufanya.

Bibi, wakaguzi wa Tume wanatarajiwa kwetu wakati wowote. Meneja ametugawia karatasi ya majibu ya kukariri. Nikisahau je? — Mwoga wa Mitihani

Mjukuu wangu, isahau hiyo karatasi. Wakaguzi wanaweza kufika bila taarifa, na hawaishii ofisini. Watazungumza na wazee na familia zao, watakaa chumba cha kulia watazame nani analishwa huku mhudumu anatazama simu. Wakikufikia wewe, swali litakuwa la kazi yako: mzee wa chumba hiki anapenda kuamshwa saa ngapi, ukiona kidonda kipya unamwambia nani, mara ya mwisho uliandika tukio lini. Hayo unayajua. Usilolijua sema hulijui, kisha useme unamuuliza nani.

Mimi mara yangu ya kwanza niliulizwa fomu za malalamiko za wazee ziko wapi. Nikaelekeza kabati la korido kwa kujiamini kabisa. Mkaguzi akalifungua. Zilikuwamo biskuti zetu za chai na kandambili za mtu. Aliandika kitu kifupi, akafunga kabati taratibu. Wiki ile fomu zilihamia mezani karibu na mlango mkubwa, pamoja na kalamu iliyofungwa kwa uzi.